Alisema Vumbi

Watu wa Mwabungo wanasema Swabir anaringa. Ukimpelekea simu iliyovunjika kioo ataipokea kwa mikono miwili, akuulize hali, akuulize na mama yako, kisha aitengeneze. Ukimpelekea flashi, kile kijiti cha kompyuta cha kuwekea picha, hainyooshei mkono. "Samahani sana, hii peleka Ukunda," atakwambia, kichwa kakiinamisha. Basi wao wanasema ana dharau, eti kazi ya ofisini ilimpanda kichwani. Mie nikiwasikia damu hunichemka. Hawajui kitu! Na kwa kuwa mwenyewe hatasema hata mumkalie vikao, nitasema mie Mwanaima, niliyekaa naye chumba kimoja katika ofisi ya ushirika wa korosho kule Msambweni, meza yangu ya mapokezi huku na yake ya ufundi wa kompyuta kule.

Swabir ni mwana wa Bi Twaiba wa mkahawa. Bi Twaiba alikuwa akiuza mbaazi na mahamri kando ya njia, na kazi ya mwanawe tangu utotoni ilikuwa kufuta meza. Mteja akiinuka, Swabir yuko pale na kitambaa chake. Hiyo ndiyo shule yake ya kwanza. Ya pili ni duka moja la kompyuta Ukunda, alikojifunza kuzifungua mashine na kuziponya. Alipokuja ofisini kwetu, lugha ya mkahawani alikuja nayo. Mafundi wengine husema, "Nimeisafisha kompyuta yako." Yeye alisema, "Nimeifuta."

Mara ya kwanza nusura nizimie. "Umefuta nini, weye? Barua zangu zi wapi?"

Akacheka. "Dada Mwanaima, kwani ukifuta meza, meza huondoka?"

Tukamzoea. Ofisi ilikuwa ya watu wa huku huku, hakuna aliyekosa kumwelewa.

Na alikuwa na adabu, jamani, adabu ya kuudhi. Neno baya halikupita kinywani mwake. Mende alimwita mgeni. Mlevi alimwita mtu aliyechoka. Siku moja choo cha ofisi kilifurika mpaka ukumbini, naye akaja kuninong'oneza kwamba kule nyuma si shwari sana. Nikamwambia, "Swabir, weye siku moja utaungua moto kwa kuona haya kupiga kelele." Akacheka tena. Mie nilikuwa nikimtania, sikujua kwamba ninasema kweli.

Karani wetu wa mizani alikuwa Nthambi. Ni Mkamba, wazazi wake walipata shamba kwenye skimu ya serikali ya kugawia watu ardhi kule juu Shimba Hills, naye kazaliwa huko huko. Alikuwa na mtoto mmoja tu, binti, Syovata. Babake alikwenda zake mtoto hajaota meno, na hakuulizia tena. Shule ikifungwa Nthambi alikuja na bintiye kazini, na kile kitoto kilikuwa hakikai chini! Kitapanda kwenye mizani ya korosho, kisimame wima, mama asome kilo kwa sauti kubwa mpaka wachukuzi wa magunia waitikie. Swabir akakipa jina Gunia Dogo. Na Nthambi hakuna aliyemwita Nthambi. Sote tulimwita Mama Syovata.

Kisha mtoto akashikwa na homa, na homa haikumwacha.

Tulikwenda kumzika kule skimu, ofisi nzima. Waislamu tulisimama nyuma wakati wa ibada yao, na Swabir alibeba viti mpaka shati likamgandia mgongoni. Katika msongamano ule ule wa mazishi, mtu asiye na haya akaiiba simu ya Nthambi. Hebu fikiria! Mtu anamwibia mama aliyesimama kaburini kwa mwanawe. Hata leo nikimkumbuka mtu huyo mdomo wangu hauna dua njema.

Aliporudi kazini hatukujua tumwiteje. Ukisema Mama Syovata unaona unamtonesha kidonda. Basi mmoja mmoja tukahamia kwenye Nthambi. Swabir peke yake hakuhama. Nikamvuta kando nikamgombeza. "Huoni kwamba unamwumiza?"

"Mbona, dada?" akaniuliza, wala hakuwa akibishana. "Amekoma kuwa mamake?"

Na nilimwona Nthambi, kila akiitwa vile, uso wake unalegea kidogo.

Haukupita muda, mnyoo ukaingia ofisini. Sisemi wa tumboni, nasema wa kompyuta. Ofisi yetu ilikuwa na sava moja, mashine kubwa iliyofungiwa katika kabati la chuma, na kila kompyuta ya ofisi ilikuwa ikiweka na kuchukua mafaili humo. Asubuhi moja nikabofya folda ya wakulima, ikafunguka, lakini mashine ikawa inakokota. Kwa mhasibu ni vivyo hivyo. Swabir akaja akainama mbele ya kioo changu, kisha akasema, "Dada, kumradhi, huu ni mnyoo. Hiyo unayoibofya si folda."

Akanionyesha. Mnyoo ule ulikuwa umezificha folda za kweli, na badala ya kila moja umeweka kitu chake chenye jina lile lile na sura ile ile. Ukilibofya jina unalolijua, kwanza unauamsha, halafu wenyewe unakufungulia folda yako ya kweli usije ukashtuka. Mjanja, mnyoo wa laana ule! Kila mtu aliyefungua kazi yake alikuwa akiusambaza bila kujua.

Meneja wetu wakati huo alikuwa Mwendwa, ndiyo kwanza ameletwa kutoka Nairobi. Mtu mwema, mzee wa kanisa, ila Kiswahili chake ni cha haraka na ulimi wake haujazoea mizunguko yetu. "Swabir, hii kitu itoke leo," akasema.

Swabir akatunyang'anya nyaya zote. Kila kompyuta ikakaa peke yake, haina ndugu. Akazipitia moja baada ya nyingine, akazifuta, kwa lugha yake, kisha sava mwisho: akaua vile vitu vya uongo, akazifichua folda za kweli, akaturudishia nyaya. Mambo yakawa shwari. Kesho yake baada ya chakula cha mchana, mnyoo umerudi. Akaanza upya, nyaya nje, mashine moja moja. Ukarudi tena. Mhasibu akaanza kumnunia. Meneja akasema ukirudi tena ataita fundi wa Mombasa.

Mwingine angetetea jina lake. Swabir akakaa akachunguza unaanzia wapi, na akaona kila ukirudi unatokea chumba cha mizani, wakati wenzetu wamekwenda kula. Siku hiyo hakwenda kula. Alikwenda chumba cha mizani, na aliporudi akakaa kwenye kiti chake bila kuniangalia.

"Umeuona?" nikamwuliza.

"Nimeuona."

"Unatoka wapi?"

Akaniambia polepole, kama Nthambi alivyomweleza alipomfungulia mlango. Nthambi, kila watu wakitoka, alikuwa akifunga mlango na kuchomeka flashi kwenye kompyuta ya mizani. Humo mlikuwa na picha za Syovata. Kabla ya msiba simu yake ilikuwa imejaa, basi picha zikahamishiwa kwenye flashi katika duka moja la Ukunda, na huko bila shaka ndiko mnyoo ulikodandia. Simu ikaibiwa. Picha za mtoto yule hazikuwako mahali pengine popote duniani, ila kwenye kile kijiti. Alikuwa akizitazama ili achague moja akaisafishe, yaani aitoe kwenye karatasi, aitundike ukutani. Hakuweza kuchagua. Katika hii anacheka, katika hii kanuna lakini hapo ndipo alipo yeye hasa. Basi anazirudia zote, na kesho anazirudia tena.

"Na folda yenyewe imeandikwa Syovata," akasema Swabir. "Ile anayoibofya si folda, dada."

Mnyoo ulikuwa umevaa jina la mtoto. Kila mama alipoligusa jina la mwanawe, alikuwa akiuamsha.

"Basi mwambie," nikasema.

"Nimwambieje? Nimwambie jina la mwanao limeingia mnyoo?" Ndipo akaniangalia. "Mtoto yuko udongoni, dada Mwanaima. Yuko udongoni."

Neno lile ofisini ni neno la ufundi, lakini mbele ya mama aliyezika juzi, nani ana kinywa cha kulitamka?

Wala hakumwambia Meneja. Angesema, Nthambi angeitwa ofisini, angeulizwa kwa nini anachomeka vitu vyake kwenye mashine ya ushirika, naye mfiwa. Swabir akaona bora lawama ibaki kwake. Kesho yake asubuhi akaenda chumba cha mizani, nami nikamfuata kwa visingizio vyangu.

"Mama Syovata, hujambo?"

"Sijambo, Swabir."

"Ile flashi yako imeshika vumbi kidogo. Naomba niazime, nikufutie."

Nthambi alikuwa ameifunga kwenye pindo la leso. Akalifungua lile fundo, akaishika flashi kiganjani, hakuitoa.

"Hazitapotea?"

"Ukifuta meza, Mama Syovata, meza haiondoki."

Akampa.

Sasa sikilizeni, kwa sababu hapa ndipo watu hawajui. Swabir alikuwa na kanuni yake, haigusi flashi ya mtu kabla hajainakili yote mahali salama. Asubuhi hiyo alimalizia sava kwanza, mara ya mwisho, akaisafisha ikasafika. Flashi akaiweka mezani kwake, ndani ya kisahani cha kahawa, aje kuishughulikia akitoka kuswali adhuhuri. Kabla hajatia udhu simu ikalia kutoka Mwabungo. Bi Twaiba kateleza uani, hawezi kuinuka, wanamkimbiza hospitali. Swabir akatoka mbio, viatu nusu miguuni. Na mie nilikuwa nimetumwa Ukunda kuchukua karatasi, sikuwapo.

Yaliyofuata alinisimulia Meneja mwenyewe, na Swabir hakuyakanusha. Meneja alimpigia Swabir simu kumpa pole na kuuliza sava iko vipi. Swabir yuko hospitalini, mamake analia kwa maumivu pembeni, watu wanamsukuma huku na huku.

"Sava iko salama, Meneja. Imebaki flashi ya Mama Syovata, iko mezani kwangu. Tafadhali asirudishiwe kabla haijafutwa."

"Iko na nini?"

"Vumbi tu," akasema Swabir. Bado anamsitiri yule mama!

Meneja akaona fundi yuko matatani, kazi yenyewe ndogo, kwa nini asimsaidie? Mtu wa Nairobi, kwake kufuta ni kufuta. Akaichomeka flashi kwenye kompyuta yake, asifungue hata kutazama, akaamuru ifutwe yote, akaambiwa na mashine kwamba imekuwa tupu. Halafu, maskini, akaingiwa na huruma. Akakumbuka kwamba mwenye flashi ni mfiwa, akaona aibu kumrudishia tupu. Akaijaza nyimbo za kwaya za kufariji, nyingi, mpaka ikakataa kupokea. Akaipeleka mwenyewe chumba cha mizani. "Pole sana, mama," akamwambia. "Swabir ameniambia nikufutie. Nimekuwekea na nyimbo za kukutia moyo."

Niliporudi na karatasi zangu nilisikia kwaya inaimba chumba cha mizani. Nikaingia. Nthambi kakaa, mkono juu ya kipanya, anashuka kwenye kioo, anapanda, anashuka. Hakuwa analia.

"Mwanaima," akaniambia, "njoo unisaidie kutafuta. Jina lake silioni."

Nikatafuta. Nyimbo, nyimbo, nyimbo. Nilitafuta hata baada ya kujua, kwa sababu nikiacha itabidi nimtazame usoni. Alipoelewa aliita, "Mwaitu!" Ndivyo Wakamba wanavyomlilia mama. Akaita tena na tena, na wachukuzi wakasimama uani na magunia yao mabegani. Kwaya ikaendelea kuimba, nikaing'oa ile flashi kwa mkono.

Swabir alikuja asubuhi iliyofuata, macho mekundu, Bi Twaiba kavunjika nyonga lakini yu hai. Meneja alimkuta mlangoni. Hakuwa na hasira, yule bwana alikuwa ametahayari hana pa kushika.

"Si wewe uliniambia ifutwe?"

Swabir akamtazama. Akanitazama mie. Akaitazama meza yake na kile kisahani kitupu.

"Ndiyo," akasema. "Nilisema."

Basi! Hakuongeza neno! Hakusema nilimaanisha hivi, hakusema kwetu huku kufuta ni kupangusa. Mie nikapasuka. "Sema, Swabir! Mwambie ulikuwa unaficha nini! Lau ungesema mnyoo, mnyoo tu, neno moja, Meneja angejua la kufanya!" Wahenga walisema ulimi uliponza kichwa. Wa kwake ulimponza kwa adabu. Meneja akageukia ukuta, na baadaye nikasikia kwamba alikwenda kwa Nthambi akapiga magoti, lakini magoti yatarudisha nini?

Swabir akaanza kutafuta. Zipo programu za kuchimbua vilivyofutwa, alinieleza, na kitu kikifutwa hakiondoki mara moja, hukaa mpaka kingine kiwekwe juu yake. Lakini juu yake Meneja alikuwa ameshawekea kwaya, moja juu ya nyingine, mpaka pomoni. Swabir alichimba asile, alichimba mpaka nikawa namletea chai inapoa mbele yake. Alikwenda na lile duka la Ukunda kuuliza kama walibakiwa na nakala, wakamcheka. Mwisho nyimbo hazikuwa zimefika kila pembe, zilikuwa zimeacha upenyo mdogo sana. Akapata picha moja, nayo nusu.

Akaenda kuisafisha Ukunda, kwenye karatasi nzuri. Akaja nayo chumba cha mizani siku aliyoandika barua ya kuacha kazi, akaniomba nifuatane naye.

Nthambi akaipokea. Juu palikuwa na mlango wa nyumba yao ya skimu, nguo kwenye kamba, na Nthambi mwenyewe anacheka. Anacheka huku ametazama chini, na mkono ameunyoosha kwenda chini, kwa mtu mfupi aliyesimama mbele yake. Kuanzia kiwiko kushuka hapakuwa na kitu, ni kijivu tu mpaka mwisho wa karatasi.

Alikitazama kile kijivu. Akashika pindo la leso, akapafuta mahali pale, polepole, mkono wake unapoishia. Akapafuta tena.

Mie nilishindwa, nikageuka dirishani. Nikamsikia Swabir nyuma yangu.

"Nisamehe, Mama Syovata."

Nikasikia karatasi ikiwekwa mezani.

"Nimekusamehe," akasema. "Meneja nimemsamehe, na wewe nimekusamehe. Lakini usiniite hivyo tena, Swabir. Niite Nthambi."

Hapo nikageuka kumtazama Swabir.

"Vyema, Nthambi," akasema, akachukua mkoba wake akatoka.